Tupisheni kidogo

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mstaarabu, na hata alipowatoa watu ukumbini aliwatoa kistaarabu. "Ndugu wazazi, tunaomba mtupishe kidogo." Wazazi watano waliokaa viti vya nyuma wakainuka. Wanne walitoka kimya. Wa tano, mama mmoja aliyeomba ruhusa kazini ili awahi kikao, alifika mlangoni akageuka: "Samahani, Mwenyekiti. Mnachokwenda kujadili ni lile la madarasa?" Akajibiwa kwamba ni masuala ya watumishi. Akashukuru, akatoka, akauvuta mlango taratibu nyuma yake.

Nilikuwa mjumbe wa bodi ile ya shule kwa upande wa wazazi, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari.

Habari ya mtumishi ilichukua dakika tano. Kisha mjumbe mmoja akasema, kwa kuwa tuko wenyewe, tumalizie na lile la kuunganisha mikondo miwili ya darasa la nne. Hakuna aliyepinga. Tukabishana karibu saa nzima, tena yalikuwa mabishano mazuri. Mwalimu mkuu alieleza upungufu wa walimu bila kupamba. Mjumbe mmoja alikiri kwamba amebadilisha msimamo baada ya kusikia hesabu. Hata mimi nilisema jambo ambalo nisingethubutu kulisema mbele ya wazazi wenzangu. Wazazi waliporudishwa, Mwenyekiti alisoma azimio, mikono ikanyooshwa, ajenda ikafungwa. Dakika mbili. Yule mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalipofika kwangu niliinamia daftari.

Kujifungia kwa zile dakika tano kulikuwa halali kabisa. Saa iliyofuata ilikuwa haki ya wale waliosimama barazani, nasi tuliichukua kwa sababu tu mlango ulikuwa umeshafungwa. Kwa uzoefu wangu, hivi ndivyo bodi nyingi zinavyoteleza. Ni mara chache watu hukaa wakapanga njama ya kuwaficha wazazi mambo. Mlango hufungwa kwa sababu nzuri, halafu watu huona raha kuzungumza humo ndani, na mazungumzo yakahama.

Sitaki kueleweka kwamba napinga vikao vya faragha. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulijifungia kwa ajili ya kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa na shauri zito la nidhamu. Baba yake alikuja. Aliyoyasema mle ndani kuhusu nyumba yao sitayaandika hapa wala popote, ila yalibadilisha uamuzi wetu wote, na asingeyasema kama viti vya nyuma vingekuwa na watu. Kijana yule aliendelea na masomo. Kila nikisikia mtu akidai kwamba kila kikao cha bodi kiwe wazi mwanzo mwisho, hukumbuka namna yule baba alivyoutazama mlango kabla ya kuanza kusema, kuhakikisha kweli umefungwa.

Mlango ni uleule, bodi ni ileile. Kwa muda mrefu nilijiuliza tofauti ya siku hizi mbili ni ipi hasa, na jibu nilianza kulipata niliposoma sheria za nchi ambazo zimegombana na jambo hili kwa miaka mingi. Marekani, ambako bodi za shule huchaguliwa na wananchi na kwa kawaida hukaa hadharani, kila jimbo lina sheria yake ya mikutano ya wazi. Ya California ni ya mwaka 1953 na inaitwa kwa jina la mbunge Ralph M. Brown. Ilitungwa baada ya mwandishi Mike Harris wa gazeti la San Francisco Chronicle kuandika mwaka 1952 mfululizo wa makala kuhusu mabaraza na bodi zilizokuwa zikifanya kazi ya umma kwa siri.

Kilichonigusa katika sheria za jimbo lile ni namna zinavyomtazama mtu anayejadiliwa. Mwanafunzi akikabiliwa na shauri la kufukuzwa shule, linasikilizwa kwa faragha, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa maandishi lisikilizwe hadharani. Mtumishi akiletewa tuhuma mbele ya bodi, lazima apewe taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla, akielezwa kwamba ana haki ya kutaka zisikilizwe wazi. Asipopewa taarifa hiyo, hatua yoyote ya nidhamu itakayochukuliwa dhidi yake kwa tuhuma hizo ni batili. Jimbo la Texas nalo linampa mtumishi haki ya kudai shauri lake lijadiliwe mbele ya watu.

Tafakari maana yake. Katika mambo ya nidhamu, faragha ni ya mtoto. Ni ya mwalimu anayetuhumiwa. Bodi imeazimwa tu, na mwenyewe anaweza kusema: hapana, fungueni, nataka watu wasikie ninavyoshtakiwa na ninavyojibu. Yule baba ndiye aliyekuwa mwenye mlango siku ile, sisi tulimshikia kitasa. Katika kikao cha mikondo ya darasa la nne, je, mwenye mlango alikuwa nani? Nimemtafuta, simwoni. Hakuna mtoto aliyetajwa kwa jina, hakuna mwalimu aliyechafuliwa. Waliokingwa ni sisi wajumbe, tusionekane tukisitasita na kubadili mawazo.

Kuna aina ya pili ya mambo ya faragha, nayo ni ya majadiliano. Shule inataka kununua kiwanja cha jirani, na mwenye kiwanja akijua bodi iko tayari kufika bei gani, ataanzia hapohapo. Shule imeshtakiwa, na wakili anaieleza bodi udhaifu wa utetezi wake. Bodi inajadiliana na chama cha walimu kuhusu masharti ya kazi. Hapa anayelindwa ni mlipaji, yaani wazazi na umma wenyewe, kwa hiyo sina ugomvi na mlango. Ninachosisitiza ni kwamba siri ya namna hii ina siku ya kufa. Kiwanja kikishanunuliwa, bei yake na sababu za kukichagua hazina tena wa kumkinga isipokuwa walioamua. Jimbo jingine la Marekani, Illinois, wameliona hilo: sheria yao inaitaka bodi, takriban kila miezi sita, kuipitia mihtasari ya vikao vyake vya faragha na kutangaza hadharani ipi bado inastahili kufichwa na ipi sasa ifunguliwe. Sijawahi kuona sharti jepesi kama hilo lenye faida kubwa hivyo. Bodi yetu ilikuwa na kabati lenye bahasha za miaka mingi, zimeandikwa "siri" kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyekumbuka siri hiyo ilihusu nini.

Bajeti, ada, michango, kufunga au kuunganisha madarasa, ratiba, sare, vigezo vya zabuni: haya mlango hayauhitaji. Ni magumu, na huleta kelele, lakini ugumu haumpi mjumbe ruhusa ya kujifungia. Wala aibu haimpi. Ugomvi wa wajumbe wenyewe kwa wenyewe ndio kishawishi kikubwa kuliko vyote. Nilishaona mjumbe akitaka wageni watoke kwa sababu tu alijua ataulizwa kwa nini hakuhudhuria vikao vitatu mfululizo.

Kuhusu yale maneno matatu, "masuala ya watumishi". Hili blanketi ndilo hufunika mengi kuliko jingine lolote. Mwalimu fulani anatuhumiwa, au utendaji wa mwalimu mkuu unatathminiwa: hilo ni suala la mtumishi, kuna mtu mwenye jina na riziki yake. Shule iwe na walimu wangapi wa hisabati mwaka ujao: hiyo ni sera, hata kama mwisho wake kuna mtu atapoteza kazi. Sheria ya Illinois husema wazi kwamba ruhusa ya kujifungia inahusu watumishi mahususi. Neno hilo moja, mahususi, lingetosha kutuzuia siku ile, maana upungufu wa walimu ndio kisingizio kilichotuvusha kutoka kwa mtumishi mmoja hadi kwenye madarasa ya watoto wote.

Ndiyo maana namna ya kujifungia ni muhimu karibu sawa na sababu yenyewe. Texas, bodi haiwezi kuanza na mlango uliofungwa. Kwanza inakaa wazi ikiwa na akidi, kisha anayeongoza kikao anatamka kwamba bodi inakwenda faragha, na anataja kifungu kinachoiruhusu. Illinois hupiga kura, na kura ya kila mjumbe inaandikwa kwa jina. Mtu anaweza kuona huo ni urasimu. Jaribu kunyoosha mkono mbele ya wazazi watano na kusema jina lako litaandikwa kuwa umekubali kuwatoa kwa sababu hii na si nyingine. Utajikuta unaisoma ile sababu mara mbili.

Na uamuzi? Uamuzi unarudi ukumbini. Texas inasema hivyo, Illinois inasema hivyo, na hata California mtoto anapofukuzwa shule kura ya mwisho hupigwa hadharani. Hapa wajumbe wengi hujidanganya kama tulivyojidanganya sisi. Tulinyoosha mikono mbele ya watu, kwa hiyo tukaamini tumeamua mbele ya watu. Lakini kura bila hoja ni maigizo. Mzazi aliyerudi ukumbini anastahili kusikia angalau njia tuliyopita: tulizingatia nini, tulikataa nini, nani alitofautiana na wenzake. Katika shauri la mtoto utasema machache sana, bila jina wala dokezo litakalomtambulisha, na hapo uchache ni wajibu. Katika jambo la sera, ukijikuta huna la kusema zaidi ya azimio lenyewe, basi lote umeliacha nyuma ya mlango.

Tatizo hili si geni wala si la bara moja. Uingereza walikuwa na sheria ya mwaka 1908 iliyowapa waandishi haki ya kuingia kwenye mikutano ya mabaraza ya mitaa. Mabaraza yakagundua mwanya: wajumbe walewale, katika chumba kilekile, wanajigeuza kuwa kamati, na kamati haikubanwa na sheria hiyo. Margaret Thatcher, akiwa mbunge mgeni, alitumia hotuba yake ya kwanza bungeni, tarehe 5 Februari 1960, kupeleka muswada wa kuuziba mwanya huo, na sheria ikapita mwaka huohuo. Iliacha nafasi ya kujifungia, kwa sharti kwamba kuwe na azimio linaloeleza sababu. Kwa bodi za shule za Uingereza hali ni ya aina yake. Wananchi hawana haki ya kukaa ndani ya kikao, lakini muhtasari uliotiwa saini lazima upatikane shuleni kwa mtu anayetaka kuusoma, na yanayoondolewa ni kama yale yanayomhusu mwanafunzi au mtumishi anayetajwa kwa jina. Afrika Kusini, Sheria ya Shule ya mwaka 1996 inazitaka bodi zikutane na wazazi na kuwatolea taarifa ya kazi zao angalau mara moja kwa mwaka. Njia ni tofauti, ila kote huko muhtasari, azimio au taarifa lazima itoke nje kwa watu.

Muhtasari ndio ulionipa shida kuliko yote, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Desturi yetu ilikuwa kuandika mstari mmoja: "Bodi ilijifungia saa 10:15 kujadili masuala ya watumishi, ikarudi saa 11:20." Basi. Nilidhani tunalinda siri, kumbe tulikuwa tunaifuta. Wajumbe watatu walipomaliza muda wao, wapya hawakuwa na namna ya kujua kwa nini mkataba fulani ulivunjwa au kwa nini mtumishi fulani alipewa onyo badala ya kuachishwa kazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imekwenda zake. Mwaka uliofuata mtumishi mwingine alifanya kosa lilelile, bodi ikatoa adhabu tofauti, na hatukuwa na karatasi ya kujisuta.

Illinois, tangu mwanzoni mwa 2004, kikao cha faragha kinarekodiwa neno kwa neno, sauti au picha, na rekodi haifutwi kabla ya miezi 18. Watu wakilalamika kwamba bodi ilivuka mipaka, hakimu anaweza kuisikiliza akiwa peke yake ofisini mwake na kuamua. Rafiki yangu mmoja, mjumbe wa miaka mingi, aliniambia kinasa sauti kingewafunga watu midomo, na yule baba wa kijana asingesema aliyoyasema. Nimelifikiria hilo kwa uzito, kwa sababu ndilo pingamizi pekee linaloniuma. Nadhani baba angesema, mradi aelezwe kwamba rekodi inafungiwa na haichezwi ila kwa amri ya hakimu. Ambao wangesitasita ni sisi, pale tulipotaka kusema "kwa kuwa tuko wenyewe".

Mjumbe anayevujisha habari za mtoto sina huruma naye, aondoke. Lakini nimeona pia kwamba bodi inayoficha kila kitu ndiyo inayovuja sana. Wajumbe wakizoea kuambiwa kwamba hata rangi ya sare ni siri, hawapati tena namna ya kutofautisha siri ya kulindwa kwa gharama yoyote na siri ya mazoea. Watasimulia habari za sare sokoni, halafu siku moja watasimulia za mtoto kwa sauti ileile.

Na mlango si wa mbao tu. Tulikuwa na kundi la wajumbe kwenye simu, lililoanzishwa kwa ajili ya kukumbushana tarehe za vikao. Ndani ya muhula mmoja lilikuwa limegeuka kikao chenyewe: hoja inatupwa usiku, wanne wanakubali, mmoja anaweka alama ya dole gumba, na asubuhi Mwenyekiti anakuja na azimio lililoiva. Illinois, kwa bodi ya wajumbe saba, akidi ni wanne, na wengi wa akidi hiyo ni watatu. Wajumbe watatu wakijadili pamoja kazi ya bodi, hata kwa ujumbe wa simu wa papo kwa papo, sheria inaweza kuuita huo mkutano. Sisi tulikuwa tukijadili sote, kila usiku, na hatukuwahi kudhani tumefunga mlango wowote.

Kikao kilichofuata baada ya kile cha mikondo, ajenda ya pili ilikuwa kuthibitisha muhtasari. Ukurasa kwa ukurasa, kama kawaida, huku watu wakifungua tu karatasi. Yule mama alikuwepo, kiti kilekile cha nyuma. Tulipofika kwenye mstari wangu nilinyoosha mkono nikasema nina marekebisho. Niliandika kwamba bodi ilijifungia kujadili masuala ya watumishi. Naomba isomeke kwamba kwa dakika tano ilijadili suala la mtumishi, na kwa muda uliobaki ilijadili kuunganisha mikondo ya darasa la nne.

Ukumbi ulinyamaza. Nilitegemea kukaripiwa, na mjumbe mmoja alianza kusema kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Mwenyekiti alimwonyesha kiganja, akakaa kimya kidogo akiitazama karatasi, kisha akasema, "Sahihisha." Nikasahihisha kwa mkono, tukatia saini zetu ubavuni. Akaongeza kwamba kwa kuwa muhtasari sasa unasema hivyo, jambo hilo lirudi kwenye yatokanayo, na wazazi walio na la kusema waseme.

Yule mama alisimama. Alisema anaelewa upungufu wa walimu, na hana haja ya kubishana na hesabu. Alikuwa na swali moja tu. Mtoto wake haoni vizuri, na mwalimu wa mkondo wa pili alikuwa amekubaliana naye kwamba atakaa mstari wa mbele kila siku. Mikondo ikiunganishwa, watoto wa kukaa mbele kwa sababu kama hiyo watakuwa wangapi, na viti vya mbele viko vingapi?

Tulitazamana. Katika saa nzima ya mabishano yetu mazuri, hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Mwalimu mkuu alisema atakwenda kuhesabu, na azimio likasimamishwa hadi arudi na idadi.